Mashine Zinazojua Kusema Sheria, na Haki ya Mwenye Shamba



Msimu huu ofisi yetu imepokea makaratasi ya namna mpya. Zamani mwanachama akiwa na daawa ya mpaka au ya mirathi alikuja na barua iliyoandikwa kwa mkono na mwalimu wa skuli, au na mwandishi wa barua wa mjini, na sisi ofisini tulizijua hati zao wote. Sasa zaja barua zilizopigwa chapa safi, zina vifungu vya sheria pamoja na nambari zake, na Kiswahili chake kimenyooka kama cha khutba. Ukiuliza nani aliyeandika, jawabu ni moja tu: "Simu."

Kamati imeona vyema jambo hili lielezwe katika gazeti letu, kwa sababu limo katika mali yetu. Shamba likipotea mahkamani halirudi kwa msimu mmoja.

Kwanza tufahamiane. Inayoandika si simu, bali ni mashine ya maneno iliyo mbali, na simu ni mlango wake tu. Katika redio huiita akili mnemba, wengine husema akili unde, na inayojulikana zaidi ni ile ya ChatGPT, ambayo kampuni ya OpenAI ya Marekani iliitoa kwa watu mwezi wa Novemba 2022. Siku hizi ziko nyingi, na nyengine zimo ndani ya simu bila ya mtu kuziomba.

Jee, yajuaje sheria? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mashine hii haikusoma sheria kama anavyosoma wakili. Imepitishwa katika maandishi mengi mno, vitabu, magazeti, hukumu, barua za watu, mpaka ikajua neno gani hupenda kufuata neno gani. Ukiiuliza, hupanga jawabu neno baada ya neno, kila moja likifaa kukaa baada ya lililotangulia. Waliosoma chuoni watatufahamu upesi. Mwanafunzi aliyehifadhi bila ya kujua maana husoma vizuri, na sauti nzuri, na tajwidi yake haina ila. Lakini akifika penye aya zinazofanana, huanza katika sura hii akatokea katika sura nyengine, wala yeye mwenyewe hana khabari. Anayejua ni mwalimu aliyekaa mbele yake. Na bado mwanafunzi huyo ana nafuu, maana alikotokea ni aya ya kweli. Mashine ikiteleza hutunga kitu ambacho hakijapata kuwako, na sauti yake haibadiliki hata kidogo.

Tunasema hivi kwa kuwa yametokea, tena mbele ya mahakimu. Mwaka 2019 abiria mmoja, Bwana Mata, alikuwa katika ndege ya kampuni ya Avianca ikielekea New York, na kwa maneno yake kigari cha chuma cha kugawia chakula kilimgonga goti. Akaishitaki kampuni. Kampuni ikajibu kuwa muda wa kushitaki umepita. Wakili wake, badala ya kufungua vitabu, akaiuliza ChatGPT impe hukumu za zamani zinazomsaidia. Ikampa. Zilikuwa na majina ya wadai na wadaiwa, nambari, na maneno ya mahakimu. Mawakili wa upande wa pili walipozitafuta hawakuziona, na hakimu naye hakuziona. Sita kati yake hazikuwako duniani. La ajabu kuliko yote ni kwamba yule wakili alikuwa ameiuliza mashine yenyewe kama moja ya hukumu hizo ni ya kweli, nayo ikamjibu kuwa ni ya kweli. Mwezi wa Juni 2023 Hakimu P. Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000, na akaamrisha wawaandikie barua mteja wao na kila hakimu aliyesingiziwa hukumu asiyoitoa. Shauri la goti likatupwa kwa kuchelewa.

Mtu atasema hao ni watu wa Marekani, na walikuwa wa mwanzo. Basi natutazame Uingereza mwaka 2025. Katika shauri moja kubwa juu ya benki za Qatar, upande mmoja ulileta mbele ya Mahkama Kuu marejeo 45, na ilipokaguliwa 18 hayakuwako. Mwenye kuyatafuta alikuwa mteja mwenyewe kwa kutumia mashine hizi, na wakili akayapokea kwa mteja wake bila ya kuyakagua! Katika hukumu ya mwezi wa Juni mwaka ule Dame Victoria Sharp alionya kwamba wakili anayepeleka uwongo namna hiyo aweza kupelekwa kwa wakubwa wa kazi yake, au kushitakiwa kwa kuidharau mahkama, na ikizidi kupelekwa polisi.

Hao ni mawakili, na faini wanaweza kulipa. Linalotushughulisha zaidi ni la bibi mmoja wa Uingereza aliyejitetea mwenyewe katika baraza la kodi, mwezi wa Disemba 2023. Alileta maamuzi 9 ya kumtetea, na yote 9 yalikuwa ya kutungwa na mashine. Baraza lilikubali kwamba hakujua kuwa ni ya uwongo, lakini kesi alishindwa. Yeye hasa ndiye anayefanana na sisi: mtu asiye na wakili, mwenye jambo lake la haki au la makosa, ameshika karatasi nzuri asiyojua kama ni ya kweli.

Baada ya kusema hayo, msifikiri kwamba tunataka simu zitupwe mtoni. Tungekuwa tunawadhulumu wanachama. Jambo la haki lina shida ya kale, nayo ni gharama na kutojua. Hata Marekani, nchi yenye mawakili wengi kuliko tunavyoweza kufikiri, shirika lao la msaada wa sheria lilitoa taarifa mwaka 2022 kwamba katika kila matatizo 100 ya madai yanayowapata watu wenye kipato kidogo, 92 hayapati msaada wowote au hupata usiotosha. Huko ni kwao! Sasa mpimie mwanachama wa Micheweni anayelazimika kwenda Chake Chake mara tano, na kila mara shauri linaakhirishwa, nauli imo na siku ya kazi imo, na karafuu juu ya mti hazimngojei.

Na kutojua ndiko kulikowaumiza wazee wetu. Waliokuwa hai wakati ule walisimulia habari za bei kheyari, mtu akiuza shamba kwa sharti ya kulikomboa, na karatasi aliitia dole gumba bila ya kujua inasema nini. Mashamba mengi ya karafuu yaliingia mikononi mwa wakopeshaji kwa njia hiyo na kwa rahani, hata Serikali ya wakati ule ikatunga sheria mwaka 1934 ya kuzuia mambo hayo. Lau mmoja wao angekuwa na kitu cha kumsomea karatasi ile kwa Kiswahili chepesi kabla ya kutia dole!

Hiyo ndiyo kazi tunayoona mashine inaifaa. Mwanachama akipewa mkataba wa kukodisha mikarafuu yake kwa msimu, kurasa tano, aweza kuiambia: nieleze kila sharti kwa maneno mepesi, na nionyeshe pale ninapobeba hasara mimi peke yangu. Hapo karatasi iko mbele yake, na anaweza kukagua kila inaloambiwa. Hali kadhalika hukumu ya Kiingereza. Bara, sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahkama, na Mahkama ya Tanzania tangu 2023 imeanza kutia mitambo ya kunukuu maneno yanayosemwa katika shauri na kuyafasiri, ili hakimu asimalize siku akiandika kwa mkono. Lakini hukumu za Mahkama ya Rufani zilizoandikwa kwa Kiingereza bado ni nyingi, na mwenye shauri ana haki ya kujua ameshinda kwa sababu gani au ameshindwa kwa sababu gani.

Iko kesi moja ya Kanada iliyotupendeza sana. Bwana mmoja alifiwa na bibi yake mwaka 2022, akaingia katika ukurasa wa kampuni ya ndege ya Air Canada kuuliza nauli nafuu ya wenye msiba. Aliyemjibu alikuwa mashine ya kampuni, ikamwambia akate tiketi kisha aombe kurejeshewa fedha ndani ya siku 90. Alipoomba akaambiwa hapana, sharti ni kuomba kabla ya safari. Akapeleka madai yake katika baraza la madai madogo la British Columbia, ambalo watu hulifikia kwa intaneti na mara nyingi bila ya wakili. Kampuni ikadai, na hapa mtacheka, kwamba mashine ile ni mtu mbali, ibebe makosa yake yenyewe! Mwezi wa Februari 2024 baraza likakataa, likaamua kuwa kampuni ndiyo yenye dhamana ya kila kinachosemwa kwa jina lake, ilipe. Kwa jumla zilikuwa dola za Kanada 812 na senti mbili. Mwenye kusoma fikihi atalijua jambo hili katika mlango wa wakala. Na mtazame kilichomfaa bwana yule: alikuwa ameihifadhi picha ya maneno aliyoandikiwa. Wangapi kati yetu wanahifadhi stakabadhi za karafuu za miaka mitatu nyuma?

Lakini wako waliotaka kwenda mbali zaidi na kuifanya mashine iwe wakili kamili. Kampuni ya DoNotPay ya Marekani ilianza mwaka 2015 kwa kuwasaidia watu kupinga faini za kuegesha magari, na hilo lilifaa. Baadaye ikajiita wakili wa mashine wa kwanza duniani. Mwanzo wa 2023 mwenyewe alitangaza kuwa mtu atasimama mahkamani na chombo sikioni, na mashine imnong'oneze la kusema. Akaacha baada ya kuonywa na wasimamizi wa kazi ya uwakili. Mwaka 2024 idara ya Marekani inayolinda wanunuzi ikasema kuwa kampuni haikuwahi kupima kama kazi ya mashine yake inafika kazi ya wakili, nayo ikakubali kulipa dola 193,000. Na ziko mashine za bei kubwa zilizotengenezwa na kampuni za vitabu vya sheria khasa kwa ajili ya mawakili. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walipozipima mwaka 2024 waliona kuwa nazo hutoa majawabu ya uwongo kati ya mara 17 na 33 katika kila mara 100.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa pana hatari ambayo watu wa New York hawanayo.

Maandishi yaliyosomeshwa mashine hizi kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, na ya nchi kubwa. Ukiiuliza juu ya ardhi kwa Kiswahili, yaweza kukujibu kwa sheria ya ardhi ya Bara, Nam. 4 ya 1999, au ya vijiji, Nam. 5 ya mwaka ule ule. Ni sheria za kweli, zipo, na ukizitafuta utaziona. Ila kwetu hazitumiki! Ardhi si jambo la Muungano. Sisi tuna Sheria ya Matumizi ya Ardhi Nam. 12 ya 1992, na Mahkama ya Ardhi iliyowekwa kwa sheria ya 1994. Mwanachama mmoja, hatumtaji, alituletea barua ya mpaka aliyokusudia kuipeleka, imeelekezwa kwa Baraza la Ardhi la Kata. Hapa Pemba kata ya namna hiyo iko wapi? Barua ilikuwa nzuri mno, na hoja zake mbili zilikuwa na nguvu, lakini ilikuwa inakwenda pasipo na mlango. Tulimrejesha kwa msaidizi wa sheria wa wilaya yake, hoja zile mbili zikabakia, na anuani na vifungu vikabadilishwa.

Tena mashine haijui mambo yetu yasiyoandikwa vitabuni. Kwetu tangu zamani mikarafuu yaweza kuwa ya mtu na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwengine. Uiambie mashine ya mgeni kwamba umerithi miti bila ya ardhi, itakusahihisha kwa adabu na kukuambia kwamba mti hufuata ardhi, kama ilivyo katika sheria za Kiingereza. Ziko na zile eka tatu zilizogawiwa baada ya 1964, ambazo haki yake ina masharti yake. Mtu akizifanya kama milki ya kununua atajitia katika shimo.

Na mirathi. Hapa natuifanyie mashine insafu, kwa sababu hesabu inaijua. Tuchukue mtu amefariki, ameacha mke, mama, watoto wawili wanaume na binti mmoja, na mikarafuu 120. Mke ana thumni, miti 15. Mama ana sudusi, miti 20. Inabaki 85, mwanamume kwa fungu la wanawake wawili, basi kila mwanamume 34 na binti 17. Tumeijaribu simu ofisini, ikatoa hivyo hivyo, na upesi kuliko sisi.

Lakini kadhi hawezi kuanzia hapo. Kwanza atauliza madeni, na katika madeni imo mahari ya mke kama haijalipwa. Kisha wasia, nao usipite thuluthi. Atauliza kama miti fulani iliwekwa wakfu na babu. Atauliza kama marehemu hana mtoto mwengine Mombasa au Maskati, maana huyo akitokea hesabu yote hubomoka. Na atapeleka watu wenye maarifa shambani, kwa sababu miti 15 iliyozeeka iliyo juu ya jabali si sawa na miti 15 iliyo bondeni inayozaa kila msimu. Mashine itagawa nambari ulizoipa, na kama umeisahau nambari moja, au umeificha, haitakutazama usoni. Tumeshaona jamaa mmoja anawaonyesha ndugu zake simu na kuwaambia, "Imeshakatwa hukumu." Hukumu haikukatwa. Mambo ya mirathi yana Mahkama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, huko ndiko yanakomalizika.

Iko na siri. Ukimweleza wakili jambo lako, amefungwa na kazi yake asilitoe. Mkuu wa kampuni ya OpenAI mwenyewe alisema mwaka 2025 kwamba mazungumzo ya mtu na mashine yao hayana kinga kama hiyo mbele ya sheria. Maneno unayoandika usiku juu ya ndugu yako, kwa jina lake, na kiwango cha deni lake, hayabaki ndani ya simu yako.

Mahakimu nao wanazijaribu. Mwezi wa Januari 2023 huko Cartagena, nchi ya Kolombia, Hakimu Juan Manuel Padilla alikuwa na shauri la mtoto mwenye usonji, jee alipiwe matibabu bila ya kutozwa ada? Aliiuliza ChatGPT, na maswali na majawabu akayatia ndani ya hukumu yake wazi wazi. Hukumu ilimpa mtoto haki. Ikazuka kelele, na mwaka 2024 Mahkama ya Katiba ya nchi ile ikatoa hukumu kuwa mashine isishike mahala pa akili ya hakimu, na anayeitumia aseme ameitumia. Sisi twaona hapo walisema kweli. Mdai ana haki ya kumjua aliyemhukumu.

Wengine husema kwamba mashine itasawazisha mnyonge na mwenye nguvu. Hatuna hakika. Mwenye fedha atakuwa na wakili, na wakili atakuwa na mashine, na barua aliyokuwa akiiandika kwa wiki ataandika kumi kwa asubuhi moja. Mnyonge atakuwa na mashine peke yake. Ikiwa Chama hakitaweka mtu wa kusoma baina ya mwanachama na simu yake, faida ya kitu hiki itakwenda kule kule ilikokuwa ikienda siku zote.

Kwa ajili hiyo Kamati imekubaliana mambo yafuatayo kwa muda huu. Barua au mashitaka yoyote yaliyoandikwa kwa mashine yaletwe ofisini kabla ya kupelekwa popote, na mwenyewe aseme kuwa yameandikwa kwa mashine, hakuna atakayelaumiwa. Ofisi haitapiga muhuri wa Chama juu ya karatasi yenye kifungu cha sheria ambacho hatukukiona kwa macho yetu katika sheria yenyewe, wala yenye hukumu ambayo hatukuisoma. Anayetaka kusomewa mkataba wa kukodisha mikarafuu aje kabla ya kutia saini, si baada yake, maana wengi huja baada yake. Aje na karatasi yote, siyo ukurasa wa mwisho peke yake.

Limebaki la fedha. Kuna rai kwamba Chama kitenge kiasi kidogo katika kila gunia ili kumlipa wakili siku mbili kwa mwezi wakati wa msimu, azisome karatasi hizi pamoja na wasaidizi wa sheria wa wilaya. Wako wajumbe wanaoona kuwa simu inatosha na fedha hiyo iende katika majamvi ya kuanikia. Jambo hili litawekwa mbele ya Mkutano Mkuu, na kila tawi linaombwa lizungumze kabla na lilete kauli yake kwa maandishi, ikiwa kwa mkono au kwa simu.

Katibu, kwa niaba ya Kamati